Hukumu Iliyotangulia: Wazazi na Watoto katika Riwaya za Vijana za Marekani

Makala hii yahusu vitabu ambavyo wengi wa wasomaji wetu hawajavisoma, na pengine wasingependa kuonekana wakivisoma. Ni riwaya zilizoandikwa Marekani kwa ajili ya vijana walio kati ya miaka 13 na 18, ambamo mhusika mkuu ni mvulana anayempenda mvulana mwenzake, au msichana anayempenda msichana mwenzake. Zilitufikia kwa njia ya kawaida kabisa. Katika masanduku ya vitabu ambayo sharika rafiki za ng'ambo hututumia kwa ajili ya maktaba, katikati ya fafanuzi za Biblia na sarufi za Kigiriki zilizochakaa, huwamo pia hadithi za vijana ambazo hakuna aliyezichambua kabla ya kuzifunga. Tulianza kuzisoma ili kuamua kama zikae rafuni. Tuliendelea kuzisoma kwa sababu nyingine, ambayo tutaieleza.

Kwanza tuseme neno juu ya maneno. Katika usemi wa mitaani "shoga" limekuwa tusi, ingawa mwanamke wa pwani humwita rafiki yake wa kike shoga bila ubaya wowote, na bibi zetu walilitumia hivyo maisha yao yote. Kwa kuwa tusi halifai kuwa chombo cha kufikiria, tutasema kwa urefu kidogo: vijana wanaovutwa na wa jinsia yao.

Pili, tuweke mipaka. Mwaka 2009 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Amerika liliwafungulia njia ya huduma watu wanaoishi katika uhusiano wa kudumu na wa jinsia yao, na mwaka 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania walitoa tamko lao Dodoma kupinga ndoa za jinsia moja. Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya mvutano huo, nasi haturudii. Swali letu ni dogo zaidi, na kwa maoni yetu ni la kichungaji zaidi. Siku mtoto wa miaka 15 anapogundulika, ni maneno gani yanayosemwa nyumbani kwao usiku ule, na ni nani aliyeyaandaa?

Mbwa aliyegongwa na gari

Riwaya ya kwanza ya vijana huko Marekani kuligusa jambo hili waziwazi ilitolewa mwaka 1969 na John Donovan. Jina lake ni refu, I'll Get There. It Better Be Worth the Trip, yaani mtu anasema kwamba atafika, na kwamba ni heri safari hiyo iwe na thamani. Davy ana miaka 13. Amelelewa na bibi yake, na bibi anapofariki anapelekwa New York kuishi na mama mzazi asiyemzoea, mama mpweke na mlevi. Mali yake ya pekee ya moyoni ni mbwa wake, Fred, mwenye miguu mifupi. Shuleni anapata rafiki aitwaye Altschuler, na siku moja wavulana hao wanabusiana. Baadaye mama anawakuta wamelala sakafuni, wamekumbatiana. Anapiga kelele, anahoji, anamwita baba wa mtoto, ambaye walikwisha kuachana, ili aje azungumze na mwanawe. Baba yule anakuja na kusema kwa utulivu. Lakini wakati wawili hao wakizungumza ndani, mama amemtoa Fred matembezini. Mbwa anamponyoka, na gari linamwua.

Davy hahitaji mtu wa kumfafanulia. Anahitimisha mwenyewe kwamba Fred amekufa kwa sababu ya alilolitenda na Altschuler. Mwandishi hasemi kwamba Davy yuko sahihi, na mwishoni wavulana hao wanarejea katika urafiki wa heshima. Hata hivyo mpangilio wa matukio umekwisha kuhubiri: busu, kisha kifo.

Waliofuata walihubiri hivyo hivyo, na wengine kwa sauti kubwa zaidi. Katika riwaya ya Isabelle Holland ya mwaka 1972, The Man Without a Face, paka wa kijana anauawa, na mwalimu aliyempenda anakufa kwa ugonjwa wa moyo. Mwaka huohuo Lynn Hall alitoa Sticks and Stones, ambamo uvumi mtupu unamwandama kijana mpaka kwenye ajali ya gari. Mwaka 1974, katika Trying Hard to Hear You ya Sandra Scoppettone, mmoja wa vijana wawili wanaopendana anakufa garini baada ya kujaribu kuonyesha kwamba yeye ni kama wavulana wengine. Mwaka 1976 jarida moja la wakutubi lilichapisha makala iliyouliza, kwa uchungu uliofichwa katika mzaha, iwapo kijana wa namna hii aweza kupata furaha yoyote katika vitabu vya vijana.

Sisi wanateolojia hatuna budi kuitambua sauti hiyo. Si sauti ya Injili. Ni sauti ya Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, waliokaa naye siku saba kimya na wakaharibu yote walipofungua vinywa. Ni swali la wanafunzi katika Yohana 9 kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, kama ni yeye aliyekosa au ni wazazi wake, swali ambalo Bwana alilikataa pande zote mbili. Na katika Luka 13, watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara wa Siloamu hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Mtu aweza kushikilia fundisho lolote alitakalo juu ya ndoa; hapewi ruhusa na Maandiko kuutafsiri mnara ulioanguka. Luther, mwaka 1518 kule Heidelberg, alitofautisha mwanateolojia wa utukufu na mwanateolojia wa msalaba, na huyu wa pili sifa yake ni kukiita kitu kile kilicho. Kamba ya mbwa ilimponyoka mama mkononi. Hicho ndicho kilichotokea.

Kitabu kilichofikishwa mahakamani

Mwaka 1982 Nancy Garden alitoa Annie on My Mind, hadithi ya Liza na Annie, wasichana wawili wa miaka 17 wanaokutana katika jumba la makumbusho huko New York. Humo hakuna anayekufa. Adhabu ipo, lakini inaonyeshwa inakotoka: inatoka kwa watu, wenye majina na vyeo. Shule ya Liza inaketi kumjadili kana kwamba ni baraza la hukumu, na walimu wawili wa kike wanaoishi pamoja, ambao nyumbani kwao wasichana walikutwa, wanafukuzwa kazi. Lililotugusa zaidi ni dogo. Mama yake Liza, mwanamke mwema, anamwuliza binti yake ukweli, lakini kwa namna ambayo jibu moja tu ndilo linalotakiwa. Liza anamdanganya. Sisi tuliofundisha kipaimara kwa miaka mingi tunalijua swali la namna hiyo. Tumeliuliza mara nyingi, na tumepewa jibu tulilolitaka.

Kitabu chenyewe kilipata msukosuko mwaka 1993, nakala zake zilipogawiwa shule za Kansas City na maeneo ya jirani. Nakala ilichomwa moto hadharani, na katika mji wa Olathe, jimboni Kansas, uongozi wa elimu ukaamuru kiondolewe katika maktaba za shule. Wanafunzi na wazazi wao wakafungua kesi. Mwaka 1995 Jaji Thomas Van Bebber aliamua kwamba kitabu kilikuwa kimeondolewa kwa sababu wakubwa hawakupenda mawazo yake, na kwamba hilo lilivunja katiba. Kikarudishwa. Ugomvi wa maktaba haukwisha hapo. Tangu mwaka 2021 umepamba moto upya katika majimbo mengi ya Marekani, na vitabu vya aina hii ndivyo vinavyotajwa mara kwa mara.

Ajali iliyogeuzwa

Emily Danforth, katika The Miseducation of Cameron Post ya mwaka 2012, aliichukua ile ajali ya zamani na kuifunua ilivyo. Cameron ana miaka 12, anaishi Montana, na mwaka ni 1989. Siku moja baada ya kumbusu rafiki yake wa kike, wazazi wake wanakufa katika ajali ya gari. Hisia yake ya kwanza ni afueni: hawatajua kamwe. Kisha afueni ile inageuka kuwa hatia ambayo haimtoki. Hapa mwandishi ameuliza swali ambalo riwaya za mwanzo hazikuthubutu kuuliza: mtoto huyu aliambiwa nini, na nani, hata kifo cha wazazi wake kimjie kwanza kama wokovu dhidi ya hasira yao?

Shangazi yake Ruth, anayemchukua, si mtu mbaya. Anampenda. Anasali. Na kwa sababu anampenda na kusali, anampeleka katika kituo cha Kikristo kinachoahidi kumbadilisha, na humo kijana mmoja anajiumiza vibaya kwa mkono wake mwenyewe. Vituo vya namna hiyo havikuwa ubunifu wa mwandishi. Exodus International, shirika la Kikristo lililosimamia huduma nyingi za ahadi hiyo tangu mwaka 1976, lilifungwa mwaka 2013, na kiongozi wake akaomba radhi hadharani kwa madhara yaliyotendeka.

Wako watakaosema kwamba hizi ni hadithi tu. Basi tutaje utafiti mmoja. Mwaka 2009 Caitlin Ryan na wenzake wa San Francisco walichapisha katika jarida la madaktari wa watoto matokeo ya kuwahoji vijana 224, wenye umri wa miaka 21 hadi 25, juu ya yale familia zao zilizowatendea walipokuwa wangali wadogo. Waliokataliwa sana na familia zao walikuwa wamejaribu kujiua zaidi ya mara nane kuliko waliokataliwa kidogo au wasiokataliwa, na walikuwa na sonona kali karibu mara sita zaidi. Vijana hao walikuwa Wazungu na Walatino wa California, na utafiti wa aina hiyo hauthibitishi chanzo kikamilifu. Hatuwezi kuzihamisha hesabu hizo hadi Iringa kana kwamba ni magunia ya mahindi. Lakini tazameni jinsi kukataliwa kulivyopimwa: kupigwa, kutukanwa, kuzuiwa kuonana na marafiki, kuachwa nje ya shughuli za ukoo, na kuambiwa na mzazi kwamba Mungu atakuadhibu. Hili la mwisho wazazi hawakulitunga wenyewe. Walilisikia mahali.

Tuongeze pia, kwa haki, kwamba kanisa lilikuwa na sehemu nyingine katika historia hii. Jeanne Manford, mwalimu wa shule huko New York, aliandamana kando ya mwanawe mwaka 1972 akiwa na bango mkononi lenye kuwataka wazazi waungane kuwategemeza watoto wao. Wazazi wengine walimkimbilia wakilia, wakimwomba azungumze na wa kwao. Mwezi Machi 1973 wazazi hao walikutana kwa mara ya kwanza, watu wapatao ishirini, katika jengo la kanisa moja la Kimethodisti. Sidhani kwamba wakuu wote wa kanisa lile walikuwa wamekubaliana juu ya fundisho. Waliwapa chumba.

Maneno ya mezani

Kadiri tulivyosoma ndivyo tulivyoona kwamba katika vitabu vizuri vya jamii hii siku ya kugundulika si siku ya hukumu. Hukumu ilikwisha kutolewa zamani, mezani, wakati wa chakula, juu ya mtu mwingine kabisa. Baba anamcheka mtu wa kwenye televisheni. Mjomba anasema angelikuwa na mtoto wa namna hiyo angemtupa mtoni. Wote wanacheka, na mtoto anacheka pamoja nao huku akiweka neno hilo moyoni kama mshitakiwa aliyesoma uamuzi wa kesi yake kabla haijafunguliwa. Katika Simon vs. the Homo Sapiens Agenda ya Becky Albertalli, iliyotolewa mwaka 2015 na kufanywa filamu mwaka 2018, wazazi ni watu wapole wasiofikiria kumfukuza mtu yeyote. Hata hivyo mizaha ya baba imeingia ndani ya kijana, na baba mwenyewe anastaajabu kuikuta humo.

Nikodemo aliwauliza wenzake barazani, katika Yohana 7, kama torati yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia. Hiyo ndiyo maana halisi ya chuki tunayoizungumza: si ukali wa hukumu, bali kutangulia kwake. Na mfano wake ulio wa kutisha kuliko yote uko katika Waamuzi 11. Yeftha aliapa juu ya yeyote atakayetoka mlangoni mwa nyumba yake, akiwa hajui ni nani. Aliyetoka alikuwa binti yake, wa pekee, na matari na kucheza. Mzazi asemaye mbele ya watu kwamba mtoto wa namna fulani si mwanawe amekwisha kuapa, naye hajui ni nani atakayetoka mlangoni.

Wahubiri wengi, wakifika hapa, hukimbilia Luka 15. Sisi tunasita. Mwana mpotevu aliomba urithi wake akaondoka kwa hiari. Vijana wa riwaya hizi, wengi wao, walikuwa wangali wamekaa chumbani mwao wakifanya hesabu za shule. Aliyeondoka kwanza alikuwa baba.

Sasa tuseme sababu yetu. Miaka iliyopita, tukihudumu usharikani, tulihubiri juu ya maadili ya vijana, na katika mahubiri hayo tukatia mzaha juu ya wanaume wenye kutembea kwa namna fulani. Tuliigiza kidogo. Kanisa lilicheka sana. Wazee wa kanisa walitupongeza mlangoni. Baada ya miezi michache mama mmoja alikuja ofisini jioni, akakaa bila kuondoa khanga aliyojifunika. Barua ilikuwa imekutwa katika daftari la mwanawe wa miaka 16, mwimbaji wa kwaya. Baba amemfukuza. Amelala wapi hajui. Tulimsomea mama huyo mafungu, tukasali naye, tukamshauri amtii mumewe na kumwachia Mungu. Hatukwenda nyumbani kwao. Alipokuwa akiondoka alisema, bila lawama, kama mtu anayetoa taarifa: "Baba Mchungaji, nilimwambia aje kwako kwanza kabla baba yake hajarudi. Akasema jibu lako alikwisha kulisikia kanisani."

Kijana huyo hakurudi katika kwaya, wala hatujapata kusikia aliko. Mama yake aliendelea kuja ibadani, akiketi karibu na mlango.

Nyumba yenye kufunguka

Baada ya haya msomaji ataelewa kwa nini kitabu tulichokipenda kuliko vyote ni Aristotle and Dante Discover the Secrets of the Universe, cha mwaka 2012. Mwandishi wake, Benjamin Alire Sáenz, alisomea teolojia na kuwa padre kwa miaka michache kabla ya kuuacha upadre, na mtu huyahisi masikio ya chumba cha maungamo katika kila mazungumzo yake. Mahali ni El Paso, mpakani na Meksiko, mwaka 1987. Familia ni za Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Wakatoliki, zenye mashangazi wengi na siri nyingi. Baba yake Ari alirudi kutoka vita vya Vietnam akiwa hasemi. Ndugu yake mkubwa yuko gerezani, na jina lake halitajwi nyumbani.

Shangazi yake Ophelia aliishi miaka mingi na mwanamke mwenziwe. Anapofariki, Ari na wazazi wake wanakwenda kumzika, na katika ukoo ule wote hatokei mtu mwingine. Sisi Waafrika hatuhitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwetu mtu hugombana na nduguye miaka ishirini, lakini msibani hufika. Kumkosesha mtu wazikaji ni kumwambia kwamba hakuwahi kuzaliwa. Na ni kaburi lile, tunavyosoma sisi, lililomfungua mdomo baba asiyesema. Dante amekwisha kupigwa na vijana kichochoroni kwa kukutwa akimbusu mvulana. Ari amewapiga waliompiga, naye hataki kujua kwa nini alikasirika kiasi kile. Wazazi wake wanamketisha. Baba, akitanguliza kueleza habari za vita alizozificha miaka yote, anamwambia mwanawe kwamba anampenda Dante, na kwamba aache kukimbia. Yaani ni mzazi anayesema kwanza, na kabla ya kusema la mtoto anasema la kwake.

Hatudai kwamba kila mzazi usharikani atasema kama baba yule, wala hatukisii halmashauri ya usharika ingesemaje. Lakini utaratibu wake ni wa maungamo, nao tunaujua.

Muhula uliopita tulifanya zoezi na darasa la uchungaji. Tuliwapa habari ya Davy mpaka pale mbwa anapokufa, tukawaambia: badala ya baba, mama amekuita wewe mchungaji, andika utakalofanya usiku huo, kurasa tatu. Mwanafunzi mmoja alikataa kwa dhamiri, tukamwacha. Wengi waliandika mahubiri, mengine mazuri, yenye mafungu yaliyopangwa vema. Mmoja, aliyekuwa mwinjilisti vijijini kwa muda mrefu kabla ya kuja chuoni, aliandika mistari minne. Angeazima jembe, angemsaidia Davy kuchimba kaburi la Fred, na angemwambia kwamba kamba ilimponyoka mama mkononi. Zaidi ya hapo hakuandika kitu. Karatasi iliposomwa darasani, mwenzake alimkumbusha kwamba watu wale wanakaa ghorofani, New York, ambako hakuna mahali pa kuchimba. Akajibu kwamba wangetembea, yeye na mtoto, mpaka wapapate.